Farasi amekula chakula cha kuku wa nyama: nifanye nini sasa hivi?

MwenyeZizi

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka.

Farasi jike wa miaka tisa amefungua mlango wa stoo na kukutwa anakula kwenye ndoo ya chakula cha kuku wa nyama, kile cha kukuzia. Haijulikani amekaa humo muda gani, ila si zaidi ya saa mbili. Kwa macho yuko sawa kabisa: masikio juu, macho mazuri, anatafuta nyasi. Humo stoo kuna pia chakula cha ng'ombe, cha nguruwe na madini ya kulamba, ingawa magunia hayo hayaonekani kuguswa.

Je, chakula cha kuku kina madhara kwa farasi, au ni nafaka tu kama nafaka nyingine? Na kama yana madhara, nisubiri dalili gani?

---

KwatoNne

Mkuu, usisubiri dalili yoyote. Mpigie daktari wa mifugo sasa, umwambie maneno haya matatu: chakula cha kuku, saa mbili, farasi. Halafu urudi hapa uendelee wakati yuko njiani.

Mtoe stoo, mfunge banda lenye matandiko manene na maji safi. Nyasi kavu unaweza kumwekea kidogo, lakini nafaka, pumba na molasi hapana, hata kopo moja. Asitembezwe. Najua watu wengi wakiona farasi kavimbiwa humzungusha uwanjani, lakini vyakula vingi vya kuku wa nyama vina dawa inayoshambulia misuli ya moyo, na moyo uliojeruhiwa hauhitaji mazoezi. Mwache atulie.

Usimnyweshe kitu chochote kwa chupa. Mafuta ya kupikia, maziwa, maji ya chumvi, mkaa wa jikoni uliosagwa, vyote viache. Farasi hana uwezo wa kutapika, na kinachomiminwa mdomoni kwa nguvu huishia mapafuni kirahisi mno. Mafuta yakishaingia mapafuni hakuna namna ya kuyatoa, na nimonia yake huua farasi ambaye pengine chakula kisingemuua. Daktari atapitisha mpira puani hadi tumboni. Hiyo ndiyo njia. Usimchome sindano ya maumivu pia kabla hajaangaliwa, maana itaficha dalili tunazozitafuta.

Sasa fanya kazi tatu.

Kwanza, pima. Mapigo ya moyo kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya: hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo 28 hadi 44 kwa dakika. Pumzi 8 hadi 16. Joto kati ya 37.5 na 38.5. Weka sikio ubavuni, kushoto na kulia, juu na chini. Tumbo la farasi mzima halinyamazi. Andika kila kitu pamoja na saa, urudie kila baada ya nusu saa. Namba moja peke yake haina maana kubwa, ila mapigo yakitoka 36 kwenda 48 kwenda 60 hapo daktari anapata picha.

Pili, jua kiasi kilicholiwa. Weka ndoo kwenye mizani. Ndoo ilijaa kiasi gani kabla, imebaki kilo ngapi? Usikisie kwa macho.

Tatu, lebo. Piga picha gunia pande zote, hasa ile sehemu ya maandishi madogo yenye viambato, dawa na namba ya toleo. Kilichobaki usikimwage. Chota kilo moja kutoka sehemu mbalimbali za ndoo, weka kwenye mfuko safi uliofungwa vizuri, kaa nayo mahali pakavu. Maabara haiwezi kupima chakula ambacho hakipo.

Uzito wa farasi unaweza kuupata kwa futi ya kamba: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,880. Jibu ni kilo.

Na uangalie kama kuna mnyama mwingine aliyeingia. Farasi wengine, punda, nyumbu, hata mbwa.

---

MwenyeZizi

Asante sana mkuu. Daktari amepokea simu, yuko njiani, amesema dakika arobaini.

Kifua sm 180, urefu sm 165, kwa hiyo inatoka kilo 450. Ndoo ilikuwa na kilo 5 zilizopimwa kwa ajili ya kuku wa jioni, imebaki kilo moja na nusu. Mapigo 40, pumzi 14, joto 37.9. Lebo inasema ina salinomisini, miligramu 60 kwa kila kilo.

---

MchanganyaChakula

Hiyo salinomisini ndiyo habari mbaya, na ni vizuri umeisoma mapema. Mwambie daktari jina hilo kwa simu sasa hivi, kabla hajafika, ili abebe mkaa wa dawa wa kutosha.

Hesabu yenyewe: kilo 3.5 mara miligramu 60 ni miligramu 210. Gawanya kwa kilo 450 za farasi, unapata karibu miligramu 0.47 kwa kila kilo ya mwili. Kiwango kinachoua nusu ya farasi waliokila, kwa salinomisini, ni kama miligramu 0.6. Uko chini yake kidogo tu. Na hicho ni kiwango cha kuua; kiwango cha kujeruhi moyo kiko chini zaidi. Isitoshe, kilichoandikwa kwenye lebo ni wastani wa gunia zima. Ndani ya ndoo moja dawa inaweza kuwa zaidi au pungufu, hasa chini ambako vumbi hutulia. Kwa hiyo mhesabu ni farasi aliyelishwa sumu.

Niwafafanulie wengine wanaosoma. Dawa hizi zinaitwa ionofori. Ziko kwenye chakula cha vifaranga na kuku wa nyama kuzuia koksidia, yaani kile kinachowaharisha damu, na kwenye chakula cha ng'ombe kuboresha uchachukaji tumboni. Kazi yake ni kufungua njia kwenye ukuta wa seli ili chumvi za mwili zipite bila utaratibu. Kijidudu cha koksidia hufa. Kuku na ng'ombe hustahimili. Farasi hastahimili: sodiamu na kalisi hujaa ndani ya seli za misuli, seli inakosa nguvu, inakufa, na msuli unaofanya kazi bila kupumzika ni moyo.

Majina ya kutafuta kwenye lebo ni monensini, salinomisini, narasini, lasalosidi na maduramisini. Kwenye maandishi ya kiwandani mara nyingi hukosa ile irabu ya mwisho, kwa hiyo tafuta maneno yanayoishia na "-sin", "-cin" au "-cid".

Tofauti ya wanyama ni kubwa kiasi cha kutisha. Monensini huua nusu ya kuku kwa takriban miligramu 200 kwa kilo ya mwili. Farasi ni miligramu 2 hadi 3. Narasini iko karibu na salinomisini, chini ya miligramu 1. Lasalosidi ni nafuu kidogo, kama 21, lakini nafuu hiyo isimdanganye mtu.

Hatari kubwa kuliko zote haiko kwenye chakula kilichokamilika. Iko kwenye primiksi, ile dawa iliyokolea inayochanganywa na tani nzima. Primiksi ya monensini ya asilimia 20 ina gramu 200 za dawa kwa kilo. Farasi wa kilo 500 akilamba gramu 5 tu, kijiko cha chai, amepata miligramu 1,000, sawa na miligramu 2 kwa kilo. Ili apate kiasi hicho kutoka chakula cha kuku chenye miligramu 100 kwa kilo ingebidi ale kilo 10. Kwa hiyo mtu akisema "farasi amelamba unga kidogo tu", swali la kwanza ni unga gani.

Amproliamu na dekokwineti si ionofori, ingawa nazo ni dawa za koksidia. Ukizikuta peke yake kwenye lebo unaweza kupumua kidogo upande wa moyo, ubaki na tatizo la wanga.

---

TabibuWaMifugo

Naunga mkono hesabu hiyo. Niongeze upande wa tiba ili mwenye farasi ajue kinachofanyika na kwa nini.

Hakuna dawa inayoondoa sumu ya ionofori mwilini. Kinachowezekana ni kupunguza kinachofyonzwa, na hapo muda ndio kila kitu. Mkaa wa dawa, ule uliotengenezwa maalumu kunasa sumu, hutolewa kwa mpira wa puani: gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya mwili, kwa hiyo farasi wako atahitaji gramu 450 hadi 900 zilizokorogwa kwenye maji. Ukitolewa saa chache za mwanzo unasaidia kweli. Kesho asubuhi utakuwa umechelewa. Kabla ya mkaa, daktari atavuta kilichomo tumboni kuangalia kama limejaa. Mafuta ya parafini yasitiwe pamoja na mkaa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu hufunika chembe zake zikashindwa kunasa.

Maji ya mshipa husaidia figo, kwani misuli ikivunjika hutoa rangi inayoziba na kuziumiza. Vitamini E hutolewa kulinda seli zilizobaki. Seleniamu ni ya daktari kuamua baada ya kujua farasi anakula nini. Kipimo cha kutosha na kipimo cha sumu havipishani sana. Na kwa wenzangu wa taaluma: mapigo yakienda mbio au yakiruka, msikimbilie dijoksini, ile dawa ya moyo. Inaongeza kalisi ndani ya seli za moyo ambazo tayari zimefurika.

Dalili, kama zitakuja, mara nyingi huanza kati ya saa 12 na siku 3. Cha kwanza ni kukataa chakula, hasa kile kile alichokuwa anakifurahia. Halafu jasho la mabaka, wasiwasi, kulala na kuamka, kujitazama ubavuni kama mwenye msokoto wa tumbo. Miguu ya nyuma huyumba, anapepesuka akigeuzwa kwenye kona, misuli ya mapaja inatetemeka. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, misuli inavunjika. Mapigo juu ya 60 akiwa amesimama tu, au mapigo yasiyo na mpangilio, ni moyo. Ukiona mshipa wa shingo unajaa na kudunda hadi karibu na taya, au uvimbe unashuka kifuani na chini ya tumbo, moyo unashindwa kusukuma.

Watu hufikiri ni kuvimbiwa kwa kawaida kwa sababu dalili za mwanzo zinafanana. Kinachotenganisha ni ule udhaifu wa nyuma na mapigo yaliyo juu kuliko maumivu yanayoonekana.

---

KwatoNne

Mkimaliza la dawa, msisahau wanga. Hilo ni tatizo la pili katika ndoo ile ile, na lina saa yake tofauti.

Chakula cha kuku wa nyama ni mahindi yaliyosagwa kwa sehemu kubwa, wanga ni kama asilimia 40. Kilo 3.5 ni kilo 1.4 za wanga, yaani gramu 3 kwa kila kilo ya mwili wake, kwa mlo mmoja. Kipimo salama ni karibu gramu 1 kwa mlo. Utumbo mwembamba hauwezi kumeng'enya wanga wote huo. Unaobaki unamwagika kwenye utumbo mpana, vijidudu vinauchachusha kwa kasi, asidi inapanda, vijidudu vizuri vinakufa na sumu zao zinapita kwenye damu. Matokeo yake ni gesi, kuhara, na baada ya siku moja hadi tatu, laminaitisi: zile tabaka zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato zinaachia.

Laminaitisi ikianza kuonekana kwa macho, tabaka tayari zimeumia. Kwa hiyo barafu huwekwa kabla farasi hajachechemea. Miguu izamishwe kwenye maji yenye vipande vya barafu kutoka kwato hadi karibu na goti, mfululizo, saa 48 hadi 72. Mfululizo maana yake usiku pia. Lengo ni kwato iwe chini ya nyuzi 10, na maji ya bomba peke yake hayafiki huko. Mifuko minene ya plastiki iliyofungwa juu ya kifundo huvuja na kupata joto haraka. Buti ndefu za mpira za farasi au pipa fupi la mguu ni afadhali, na mtu wa kuongeza barafu kila saa moja au mbili. Kama barafu ni ya miguu miwili tu, anza na ya mbele, kwani ndiyo inayobeba uzito zaidi.

Mara tatu kwa siku shika mshipa wa pembeni nyuma ya kifundo cha mguu. Kawaida mdundo wake ni hafifu, unautafuta. Ukiudaka mara moja na unagonga kidole kwa nguvu, piga simu. Vilevile akianza kuhamisha uzito mguu huu kwenda ule, au akisimama ameegemea nyuma huku miguu ya mbele ameitanguliza.

Jambo dogo la mwisho: chakula cha vidonge kikimezwa haraka kinaweza kukwama kooni. Ukiona ute wenye chakula unatoka puani na farasi ananyoosha shingo, ondoa maji na nyasi, mwache kichwa kikiwa chini, na mpira wa bustani usiingizwe mdomoni hata mtu akikuambia.

---

MwenyeZizi

Daktari amefika. Mkaa gramu 700 umeingia kwa mpira, damu imechukuliwa, maji ya mshipa yanaendelea. Mapigo 44. Barafu imewekwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata.

Nina maswali mawili, wakuu. Yale magunia mengine stoo, ya ng'ombe na nguruwe, ni hatari kiasi hicho hicho? Maana nimekuwa nikidhani la hatari ni mbolea ya urea iliyomo kwenye chakula cha ng'ombe. Na pili, akipona, lini anaweza kupandwa?

---

MchanganyaChakula

La kwanza nalichukua mimi.

Urea imesingiziwa sana kwa farasi. Ng'ombe na mbuzi ndio wanaokufa nayo, kwa sababu vijidudu vya tumbo lao la kwanza huigeuza amonia mara moja. Kwa farasi mzima urea nyingi hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kukutana na vijidudu hivyo, kisha hutoka kwa mkojo. Kiasi kilichochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe kwa kawaida hakimdhuru. Gunia la urea tupu ni habari nyingine, lisikae karibu na mnyama yeyote.

Kwenye chakula cha ng'ombe tafuta monensini au lasalosidi. Katika mgao uliokamilika huwa kidogo, mara nyingi chini ya miligramu 35 kwa kilo, lakini kwenye madini ya kulamba na virutubisho vilivyokolea inaweza kupita gramu 1.5 kwa kilo. Hapo farasi wa kilo 450 anafikia miligramu 2 kwa kilo ya mwili kwa gramu 600 tu. Zizi lenye farasi na ng'ombe pamoja liwekewe madini yasiyo na ionofori kabisa. Ng'ombe hawatapungukiwa na kitu cha maana.

Kwenye chakula cha nguruwe tatizo ni viuavijasumu. Linkomisini ndiyo mbaya zaidi: kiasi kidogo sana huua vijidudu vya utumbo mpana wa farasi, vile vibaya vikashika nafasi, akaharisha hadi kukauka maji na kufa. Taylosini na tetrasiklini nazo zisimfikie. Tofauti na ionofori, hapa hatari huonekana kama mharo baada ya siku moja hadi kadhaa, kwa hiyo farasi aliyekula chakula cha nguruwe aangaliwe kinyesi kwa wiki nzima.

Chakula cha kuku wa mayai kwa kawaida hakina ionofori kwa sababu ya mabaki kwenye mayai, ila usithibitishe kwa mazoea, soma lebo. Chokaa yake, asilimia 4 hivi ya kalisi, kwa mlo mmoja haina neno.

Halafu kuna mahindi mabovu, na hili linanikera kwa sababu linaonekana kama kubana matumizi. Mahindi yenye ukungu wa aina ya fuzariamu hubeba fumonisini, sumu ya ukungu huo, na farasi ni mnyama anayeumia nayo mapema kuliko karibu mifugo yote. Ubongo unalainika: anazunguka upande mmoja, haoni, anasukuma ukuta kwa kichwa, anakufa ndani ya siku chache, na hakuna tiba. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani unaweka miligramu 5 kwa kilo ya mahindi kwa farasi, tena mahindi hayo yasizidi asilimia 20 ya mgao, wakati ng'ombe wa nyama wanaruhusiwa 60 na kuku wa nyama 100. Maana yake shehena inaweza kupita salama kabisa kwa ng'ombe na ikaua farasi. Kupepeta hupunguza kidogo, kwani sumu nyingi iko kwenye chenga na vumbi, lakini chenga hizo hizo ndizo huuzwa kama pumba. Kuosha na kuanika hakuondoi.

Saileji (majani yaliyochachushwa) na samadi ya kuku iliyochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe: visimguse farasi, kwa ajili ya botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha misuli. Mzoga mmoja wa panya uliosagwa humo unatosha. Ukiona ulimi hauna nguvu na maji yanarudi puani, hiyo ndiyo.

Na la kiwandani. Farasi wengi waliokufa kwa ionofori hawakuvunja mlango wa stoo. Walikula chakula chao wenyewe, kilichotengenezwa kwenye mashine iliyotoka kuchanganya cha kuku au ng'ombe. Masalio yanabaki kwenye parafujo ya kusafirishia, kwenye lifti, kwenye kona za pipa la kuchanganyia. Muulize mtengenezaji kama ana mstari usioingia dawa kabisa. Akikwambia "tunasafisha", uliza wanasafishaje: inatakiwa kipitishwe kiasi cha nafaka tupu kati ya chakula chenye dawa na cha farasi, na nafaka hiyo irudi kwa kuku. Akishindwa kueleza, nunua nafaka nzima uchanganye mwenyewe, kwa mashine au koleo ambalo halijagusa primiksi. Farasi wawili au zaidi wakikataa chakula kipya siku moja, acheni kuwalazimisha. Ondoeni gunia, chukueni sampuli.

---

TabibuWaMifugo

Kuhusu kupandwa, jibu langu litakuwa gumu kulisikia: si kabla ya wiki nane, na hata hapo ni baada ya vipimo.

Farasi anaweza kupita siku tatu za mwanzo bila dalili yoyote, akala, akacheza, na bado ana makovu moyoni. Seli za moyo zilizokufa hazioti tena. Nafasi yake hujazwa na nyuzi ngumu zisizosinyaa. Akiwa amesimama moyo unatosheleza. Akikimbizwa miezi baadaye unaweza kusimama ghafla, na mpandaji anaanguka naye. Kwa hiyo suala hili linahusu uhai wa mtu pia.

Leo damu ya kwanza imechukuliwa, vizuri, lakini troponini, protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, ikipimwa saa mbili baada ya kula haisemi kitu. Irudiwe baada ya siku 2 hadi 3, kisha baada ya wiki. Vimeng'enya vya misuli vipimwe pamoja nayo. Kama troponini imepanda hata kidogo, apimwe moyo kwa mawimbi ya sauti na kwa mashine ya umeme wa moyo, ikiwezekana ile inayovaliwa saa 24, kwa sababu mapigo yanayoruka huweza kujificha dakika kumi za kliniki. Wiki nane za banda na uwanja mdogo, bila kukimbizana na wenzake. Mwisho wa muda huo, rudia kipimo cha moyo akiwa ametulia na baada ya mazoezi mepesi ya kamba, bila mtu mgongoni. Picha ikiwa safi, kazi irudishwe taratibu. Ikiwa na kasoro, abaki farasi wa malisho.

Kwa punda waliokula kitu hicho hicho kuna la ziada: akikataa chakula hata siku moja au mbili, mafuta ya mwilini hufurika kwenye damu na ini linashindwa. Usimwache punda na njaa kwa nia ya "kupumzisha tumbo". Mwekee nyasi.

---

HoriNaKomeo

Upande wa stoo, kwa kuwa huyu farasi ameshajifunza njia, atarudi.

Komeo la kusukuma halimzuii. Midomo yake inalisogeza kama vidole. Weka makomeo mawili, moja juu kwa upande wa nje na jingine chini kabisa kwenye usawa wa kifundo cha mguu, na la juu lifungwe kwa kulabu ya chuma yenye springi. Mlango ufunguke kuelekea nje, ili akiusukuma aukaze kwenye fremu.

Ndani, kila chakula kwenye pipa la chuma lenye pete ya kubana mfuniko. Mapipa ya plastiki huyabirua. Chakula chenye dawa kikae chumba kingine, au angalau upande wa pili wa ukuta, na primiksi kwenye kabati lenye kufuli. Kata na ndoo za farasi ziwe za rangi moja isiyotumika kwingine kokote, na anayelisha alishe farasi kwanza, kuku mwisho. Lebo ya gunia ikatwe na kubandikwa kwenye pipa kila unapomimina gunia jipya, kwa sababu mtengenezaji hubadilisha dawa kutoka toleo hadi toleo bila kubadilisha rangi ya gunia.

Kwa kuku wanaozurura, chombo cha kulia chenye mfuniko unaofunguka kuku akikanyaga ubao ni kizuri kwa panya, lakini farasi huupindua kwa pua. Kiweke ndani ya banda la kuku. Kwa ndama na mbuzi wanaolishwa sehemu ya kupenya chini ya mbao, kosa la kila siku ni kuweka hori karibu na uwazi. Farasi hupiga magoti, hupitisha shingo na kufikia mbali kuliko unavyodhani. Hori liwe angalau mita 2.5 kutoka kwenye uwazi, kila upande, na chini yake pafagiliwe baada ya kulisha. Kama kuna mtoto wa farasi malishoni, njia hiyo haifai kabisa: naye ni mdogo kiasi cha kupenya, na kwa uzito wake, chakula kidogo tu kinatosha kumuua.